Duka la simuni na saa ishirini: mtego unaowanasa wanafunzi wetu Birmingham

Na Mwandishi Wetu, Birmingham

Kila ifikapo Septemba mji huu wa Birmingham hupokea kundi jipya la vijana wetu. Wanatoka Dar es Salaam, Unguja, Pemba, Mombasa, Nairobi na Kampala. Wanakuja kusoma shahada za uzamili, na wachache uzamivu, katika vyuo vikuu vya Birmingham, Aston, Birmingham City na Newman. Wiki ya kwanza huuliza chumba Selly Oak kinakwenda bei gani, nyama ya halali inauzwa wapi na basi lipi linafika Small Heath. Wiki ya pili swali huwa moja tu: tufanye biashara gani mtandaoni, ya usiku usiku baada ya masomo, ili na sisi tupate kupumua?

Swali hilo ni la haki kabisa. Kinachotutia wasiwasi ni jawabu wanalopewa na waliowatangulia. Wanaambiwa kwamba maadamu mtu hapindukii saa 20 za kazi kwa wiki, basi afanye alitakalo, awe mwajiriwa au awe na lake mwenyewe. Tumelisikia jawabu hilo misikitini, makanisani, kwenye harusi na kwenye foleni za kinyozi. Si kweli, na mwenye kulifuata anaweza kujikuta yuko Heathrow na begi lake moja, shahada hana, na deni la nyumbani liko pale pale.

Tuanze na hesabu, maana hesabu ndiyo inayowasukuma vijana hawa. Ada ya shahada ya uzamili kwa mgeni katika chuo kama cha Birmingham mara nyingi hupindukia pauni 20,000 kwa mwaka. Pauni moja ni zaidi ya shilingi elfu tatu za Tanzania, kwa hivyo msomaji wa nyumbani azidishe mwenyewe. Juu ya ada ipo tozo ya afya ambayo tangu Februari 2024 imekuwa pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi, kutoka 470. Na kwa vile viza ya kozi ya mwaka mmoja huongezewa miezi minne mwishoni, mwanafunzi hulipishwa mwaka na nusu, yaani pauni 1,164, kabla hajapanda ndege. Tangu Januari 2024 anayekuja kusoma uzamili wa darasani haruhusiwi tena kumleta mume, mke wala watoto. Zamani mmoja alisoma na mwenziwe akafanya kazi kutwa, nyumba ikaenda. Njia hiyo imebaki hasa kwa wanaofanya utafiti.

Kwa upande wa kipato, kima cha chini cha mshahara kwa mwenye miaka 21 na kuendelea kiliwekwa pauni 12.21 kwa saa Aprili 2025, na serikali ikatangaza 12.71 kuanzia Aprili 2026. Zidisha kwa saa 20, unapata pauni 254.20 kwa wiki, na hapo ni kama umepata saa zote 20, jambo ambalo si la kila mtu. Toa kodi ya chumba, chakula, basi na umeme. Kinachobaki hakilipi ada, sembuse kumtumia mama. Wengi wa hawa hawakuja kwa fedha za serikali. Wamekuja kwa kiwanja kilichouzwa, kwa shamba lililowekwa rehani, au kwa mchango wa ukoo mzima ambao unasubiri taarifa.

Hapo ndipo simu inapokuwa duka. Na tuseme kweli, vijana wetu wana akili ya biashara. Aprili 2019 kampuni ya Primark ilifungua hapa mjini duka ambalo ilisema ni kubwa kuliko maduka yake yote duniani. Siku za kushushwa bei utawakuta humo wanafunzi wamesimama na simu, wanapiga picha viatu na magauni ya watoto, picha zinakwenda kwenye WhatsApp, na kabla hawajafika kwenye kaunta Kariakoo na Eastleigh zimeshajibu: nichukulie mbili, nichukulie saizi kubwa. Mzigo unapelekwa kwa wasafirishaji wanaotoza kwa kilo, na pesa inaingia nyumbani kwa njia ya simu. Wengine wanafanya kinyume chake, wanaletewa vitenge, khanga, udi, hina na pilipili manga, wakauza kwa Waswahili wa Uingereza kupitia Instagram. Wapo wanaofasiri nyaraka, wanaotengeneza tovuti, wanaofundisha Kiswahili kwa video, wanaosahihisha maombi ya kujiunga na vyuo na kupata kamisheni. Yote haya hufanyika chumbani, baada ya isha, bila ya kibao cha duka.

Sasa sheria inasemaje? Sharti la viza ya mwanafunzi lina sehemu mbili, na watu wameshika moja. Sehemu ya kwanza ni idadi ya saa: 20 kwa wiki wakati wa masomo, kwa wanaosoma shahada. Sehemu ya pili ni namna ya kazi, na hii haina saa. Mwanafunzi haruhusiwi kujiajiri, wala kufanya shughuli za biashara, hata kwa saa moja, hata kwa faida ya pauni tano. Kanuni zinataja waziwazi kwamba kuanzisha biashara kwa jina lako, au kwa ubia, ikawa inauza au imeshajitokeza hadharani kama biashara, ni shughuli iliyokatazwa. Vile vile kuajiriwa na kampuni ambayo unamiliki asilimia 10 au zaidi ya hisa zake, au ambayo wewe ni mkurugenzi wake. Kwa hivyo ukurasa wa Instagram wenye picha ya khanga, bei na namba ya kuagizia, ni duka. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza haiulizi kama lina mlango.

Hata hizo saa 20 zenyewe hazieleweki vizuri. Wiki inahesabiwa kuanzia Jumatatu hadi Jumapili. Huwezi kufanya saa 10 wiki hii ukazifidia kwa 30 wiki ijayo. Wa uzamili wengi wanadhani miezi ya Juni hadi Septemba ni likizo kwa vile hakuna madarasa. Kwao si likizo. Ni wakati wa kuandika tasnifu, na tasnifu ni masomo, kwa hivyo saa zinabaki 20 mpaka kozi ikatike. Kazi ya kujitolea isiyokuwa na malipo inaweza kuhesabiwa humo. Kazi unayoifanya kwa kompyuta kwa ajili ya kampuni ya Nairobi au Dar es Salaam, ikakulipa kwenye akaunti ya kule, nayo inahesabiwa, kwa sababu wewe unayeifanya uko Birmingham. Na ukilipwa kwa kila kipande, bila ya mkataba wa ajira, basi hiyo si suala la saa tena, umejiajiri. Wenzetu wa fani hii ya uandishi wanaokuja kusoma na huku wanayapelekea magazeti ya nyumbani makala za kulipwa, wakae wakilijua hilo.

Mfano ulio wazi zaidi ni wale vijana wa baiskeli na mabegi ya mraba mgongoni wanaopeleka chakula. Usiku wa Broad Street umejaa wao. Novemba 2023 Mahakama Kuu ya Juu ya Uingereza iliamua katika kesi ya wapelekaji wa Deliveroo kwamba mkataba wao hauwafanyi wawe waajiriwa kwa maana ya sheria ya vyama vya wafanyakazi, khasa kwa vile wanaweza kumpa mtu mwengine awafanyie kazi. Wengi waliisoma habari hiyo kama habari ya haki za wafanyakazi, na ndivyo ilivyo. Lakini kwa mwanafunzi ina ukali mwengine: kama mpelekaji amejiajiri, basi mwanafunzi mwenye viza hana ruhusa ya kupeleka hata sahani moja ya biriani. Wanaokodishwa akaunti za watu wengine ili wazunguke nazo, wanaongeza kosa juu ya kosa.

Jambo jengine linalowachanganya watu ni kodi. Idara ya kodi ya nchi hii, HMRC, inaruhusu mtu kupata mpaka pauni 1,000 kwa mwaka kutokana na biashara ndogo bila ya kulipa kodi wala kuandikisha. Msamaha huo ulianza Aprili 2017 na ni msamaha mzuri. Lakini tumeona ukigeuzwa kuwa fatwa: "Serikali yenyewe imeruhusu elfu moja." Iliyoruhusu ni idara ya kodi. Viza inatolewa na nyumba nyengine, na msamaha wa kodi hauandiki ruhusa juu ya viza.

Na nyumba hizi mbili zinazungumza. Tangu Januari 2024 mitandao ya mauzo kama eBay, Vinted na Etsy inatakiwa kukusanya taarifa za wauzaji na kuzipeleka HMRC, kwa aliyeuza mara 30 au zaidi kwa mwaka au aliyepindukia kiasi cha pauni 1,700. Ripoti za kwanza zilipelekwa Januari 2025. Aliyeuza nguo zake za zamani hana la kuogopa, hiyo si biashara. Lakini mwenye kuagiza jora la kitenge akalikata vipande arubaini na kuviuza, jina lake limeshaandikwa pahala.

Asitokee mtu akasema wakubwa hawana muda wa kupekua vitu vidogo hivyo. Kufikia mwaka 2018 mamia ya wahamiaji wenye ujuzi, madaktari na wahandisi miongoni mwao, walinyimwa makaazi ya kudumu kwa sababu hesabu walizopeleka kwenye kodi hazikulingana na walizopeleka kwenye viza. Wizara ikawachukulia kwamba ni waongo, wengine kwa makosa ya mhasibu tu. Aprili 2019 Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya Balajigari, iliikosoa Wizara kwa kutowapa watu hao nafasi ya kujieleza kabla ya kuwahukumu. Walioshinda walishinda, lakini baada ya miaka mingapi na pauni ngapi za mawakili? Karatasi ya kodi ya leo hufunuliwa siku ya kuomba viza nyengine, na siku hiyo huja.

Tukitembea Stratford Road kutoka Sparkbrook kwenda Sparkhill tunapita mbele ya maduka ambayo wenyewe wanasema Kiswahili kuliko baadhi ya watoto wetu. Ni Wahindi wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, au watoto wao. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, kiasi cha 28,000 waliingia Uingereza, na sehemu yao wakatua Leicester na Birmingham. Walifika na masanduku, si na mitaji. Lakini wengi wao walikuwa na pasipoti ya Uingereza mfukoni, na kwa pasipoti hiyo mtu aliweza kufungua duka kesho yake. Ndiyo, hata wao walidhulumiwa. Sheria ya mwaka 1968 ilitungwa makusudi kuwazuilia wenzao wa Kenya mlango. Ila aliyeingia, aliingia na ruhusa ya kuuza. Husemwa kwamba Waswahili hawajui biashara kama Wahindi. Upuuzi. Kijana wa Tanga anayelala saa nne akiuza mabegi ya ukili kwa simu hana upungufu wa jasho, ana upungufu wa karatasi.

Karatasi hizo zimegawika hata ndani ya nyumba moja. Sisi tuliopokelewa hapa kama wakimbizi tukapewa hifadhi tunaruhusiwa kuajiriwa na kujiajiri. Anayesubiri jawabu la ombi la hifadhi haruhusiwi, isipokuwa kwa kibali maalumu. Mwenye makaazi ya kudumu hana kizuizi. Mwanafunzi anaajiriwa lakini hajiajiri. Watu wanne wanakula sahani moja ya ubwabwa Small Heath na kila mmoja ana sheria yake.

Kutokana na mchanganyiko huo imezaliwa hila ya kuazima jina. Duka ni la mwanafunzi, lakini limeandikishwa kwa jina la mjomba mwenye makaazi. Hapa tunaomba tueleweke vizuri, kwa kuwa ipo njia ya halali inayofanana sana na hii ya haramu. Kama biashara kweli ni ya mjomba, mtaji wake, hesabu zake, kodi analipa yeye, na kijana ameajiriwa kwa mkataba, analipwa kwa hati ya mshahara na hapindukii saa 20, hakuna kosa. Ni ajira kama ya Tesco. Lakini kama faida inarudi kwa kijana na mjomba ni kivuli, hiyo ni biashara ya kijana iliyovishwa kanzu ya mtu mwengine, na siku watakapogombana, maana watu hugombana kwa pesa, mjomba ndiye mwenye duka kisheria na kijana hana pa kushtaki.

Kuna hila nyengine iliyo mbaya zaidi na ambayo inafanywa kwa uso mkunjufu kabisa. Ni ile ya kubadilishana fedha. Mzee yuko Dar es Salaam anataka kumlipia mtoto ada. Mwengine yuko Birmingham anataka kujenga Mbagala. Katikati anasimama mwanafunzi mwenye akaunti mbili, anapokea pauni huku na kutoa shilingi kule, na kubakisha chake. Kumsaidia rafiki mara moja ni jambo jengine. Kulifanya kuwa kazi ya kila wiki kunahitaji kuandikishwa na HMRC chini ya kanuni za kuzuia fedha haramu, na kuwa na idhini ya mamlaka ya huduma za fedha. Bila ya hivyo ni jinai, wala si suala la viza tena. Na kijana huyo hajui pauni zinazoingia zimetoka wapi. Benki ikishuku hufunga akaunti bila ya maelezo, na alama ya udanganyifu inayowekwa kwenye jina lake inaweza kukaa miaka 6. Mwenye alama hiyo hapati akaunti, na bila ya akaunti hata mshahara wa halali hauna pa kuingia.

Je, sheria hii ya kumzuia mwanafunzi asiuze ni ya busara? Kwa maoni yetu, hapana, na tutasema kwa nini. Birmingham yenyewe ni mji uliojengwa na karakana ndogo na vibanda. Wenyewe wanajisifu kuwa ni mji wa kazi elfu moja. Benki ya Lloyds ilianzia hapa mwaka 1765. Cadbury ilianza mwaka 1824 kwa duka dogo la Bull Street lililokuwa likiuza chai, kahawa na kakao, na kiwanda cha Bournville kikaja miaka 55 baadaye. Vyuo vya mji huu vinafundisha ujasiriamali, vina mashindano ya mawazo ya biashara, na mwanafunzi wa kigeni anakaribishwa darasani kama mwengine, na ada analipa zaidi. Anafundishwa kuogelea kisha anaambiwa akitia mguu majini atafukuzwa. Zaidi ya hayo, sheria inamruhusu kusafisha vyoo vya ofisi saa 20, na inamkataza kuuza saa mbili kile alichosomea. Nani anafaidika? Si mfanyakazi wa Kiingereza, maana kazi ya kuosha vyombo ndiyo ya kugombaniwa, si khanga.

Lakini ubaya wa sheria hauipunguzii makali. Na mwelekeo wa siasa za hapa ni wa kubana. Viza ya kubaki baada ya masomo ilifutwa Aprili 2012, ikarudishwa kwa jina jipya Julai 2021 kwa miaka miwili, na kwa wenye uzamivu miaka mitatu. Mei 2025 serikali ya Labour ilitangaza kwamba miaka hiyo miwili itapunguzwa hadi miezi 18, na ikapangwa kuhusu maombi ya kuanzia tarehe 1 Januari 2027. Wa uzamivu wakabakishiwa mitatu yao. Viza hii ndiyo inayomruhusu mhitimu kujiajiri. Angalia sasa bei ya ruhusa hiyo: mwaka 2025 ombi lilikuwa pauni 880, na tozo ya afya pauni 1,035 kwa kila mwaka. Kwa miaka miwili ni pauni 2,950 kabla hujauza khanga moja. Ipo pia viza ya waanzilishi wa biashara iliyoanzishwa Aprili 2023, isiyodai tena mtaji wa pauni 50,000 kama iliyoitangulia, lakini inataka wazo jipya, linaloweza kukua, lililopitishwa na taasisi zilizoidhinishwa. Duka la nguo za watoto kwenye WhatsApp halipiti hapo.

Ile miezi minne inayobaki baada ya kozi nayo ina mtego. Mwanafunzi aliyemaliza anaruhusiwa kuajiriwa kutwa, na wengi hudhani hapo wamefunguliwa. Hawajafunguliwa. Kujiajiri kunabaki marufuku mpaka viza ya mhitimu itoke, na ombi lake lazima lipelekwe mtu akiwa ndani ya Uingereza, viza ya zamani haijakwisha, na chuo kimeshathibitisha kuwa amefaulu.

Msomaji wa nyumbani asidhani lawama zote ni za London. Mwanafunzi anayetegemea wanunuzi wa Dar es Salaam alionja mwaka 2025 jinsi duka lake lilivyo mikononi mwa watu asiowajua. Mei mwaka ule mtandao wa X ulifungiwa Tanzania. Septemba JamiiForums ikasimamishwa siku 90. Tarehe 29 Oktoba, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ikazimwa nchi nzima, na haikurejea mpaka siku za mwanzo za Novemba. Yaliyotokea siku hizo ni makubwa kuliko biashara, na tumeyaandika na tutaendelea kuyaandika. Lakini hata katika biashara pekee: oda haziji, malipo hayathibitishwi, mzigo umefika na mwenyewe hapatikani. Uganda ilifanya hayo hayo Januari 2021, na Kongo iliuzima mtandao baada ya uchaguzi wa Desemba 2018. Mawaziri wale wale hupanda majukwaani London wakawahimiza wana wa ughaibuni wawekeze nyumbani. Wawekeze kupitia waya upi?

Na yule mjomba wa Sparkbrook mwenye pasipoti nyekundu ya zamani, au ya buluu ya siku hizi, naye ana yake. Tanzania haikubali uraia pacha, kwa hivyo aliyechukua wa Uingereza ni mgeni. Julai 2025 serikali ya Tanzania ilitoa amri ya kuwapiga marufuku wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo uuzaji wa bidhaa wa jumla na rejareja isipokuwa katika maduka makubwa maalumu, utumaji fedha kwa simu, na udalali. Amri ililenga zaidi Wachina wa Kariakoo, na tunajua wafanyabiashara wadogo waliifurahia. Hata hivyo maandishi yake hayakumtenga mtoto wa Tandika aliyebadilisha pasipoti, na Mtanzania anayemsaidia mgeni kuikiuka naye amewekewa adhabu. Kwa hivyo mjomba akifungua tawi la duka kule kwa jina lake, amevunja sheria ya alikozaliwa; na mpwa wake akifungua huku kwa jina lake, amevunja sheria ya anakosoma.

Nini basi kinabaki cha kufanya kwa kijana aliyefika Septemba na ana njaa ya biashara? Kidogo, lakini si bure. Anaweza kusoma soko: tasnifu yake yenyewe inaweza kuwa juu ya usafirishaji wa vifurushi kwenda Mombasa, au juu ya malipo ya simu, ambayo M-Pesa iliyaanzisha Kenya mwaka 2007 kwa mtaji uliotoka kwa kiasi fulani hapa hapa Uingereza. Anaweza kuandika mpango wa biashara, kupiga hesabu za gharama, kujua nani wasafirishaji waaminifu. Kuandika mpango si kuuza, maadamu hajatangaza wala kupokea oda. Anaweza kutafuta ajira ya saa 20 katika duka linalouza mtandaoni, na Stratford Road na Coventry Road yapo, akajifunza kufunga mizigo, kujibu wateja na kurudisha bidhaa zilizokataliwa huku akilipwa kihalali. Kama biashara ilikuwepo nyumbani kabla hajaja, aikabidhi kweli kweli kwa dada au kaka, si kwa mdomo tu, na yeye aache kuiendesha kutoka kitandani Selly Oak.

Na aulize mapema, kwa wenye haki ya kujibu. Tangu sheria ya mwaka 1999, ushauri wa uhamiaji nchini humu hutolewa na waliosajiliwa au walioruhusiwa. Msimamizi wao amepewa jina jipya Januari 2025, Immigration Advice Authority. Kila chuo kina ofisi ya wanafunzi wa kigeni na ushauri wake ni bure. Lakini kuna tahadhari ambayo hakuna anayewaambia vijana: chuo ndicho mdhamini wa viza, na mdhamini akijua kwamba sharti limevunjwa ana wajibu wa kuripoti. Aulize kabla hajafungua duka. Aliyekwisha kulifungua, mlango wake wa kwanza uwe kwa mwanasheria wa uhamiaji anayejitegemea.

Kwa wanaopanga kuja, kalenda iko hivi. Anayeanza kozi ya mwaka mmoja Septemba 2026 atamaliza vuli ya 2027, na ataomba viza ya mhitimu chini ya kanuni mpya ya miezi 18. Ada ya ombi na tozo ya afya itabidi ziwe mkononi kabla ile miezi minne haijakwisha. Fedha hizo zitengwe tangu siku ya kwanza, katika bajeti ile ile ya ada, na ukoo uambiwe kiasi chake wakati bado unauza kiwanja.